KASI YA MANATI: TUPIME, TUSIPIGE DOMO

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Methali hii hunijia kila nisikiapo vijana wenzangu wakibishana kuhusu manati. Huyu atadai kwamba jiwe lake huenda mita 200 kwa sekunde. Yule atajibu kwamba hiyo si kitu, lake hata halionekani likipita. Wa tatu, aliyefunga mipira ya tyubu maradufu, atawacheka wote wawili. Mwishowe mwenye sauti kubwa ndiye hutawazwa bingwa. Hebu niulize, ndugu msomaji: tangu lini kasi ikapimwa kwa koo?

Maoni yangu ni haya. Kasi isiyopimwa ni porojo tu, na kasi iliyopimwa ovyo ni porojo iliyovaa tai. Tujifunze kuipima, tujifunze kuishuku mashine inapotuambia mambo ya ajabu, kisha tukubali lile ambalo namba hiyo inatudai. Kwa maana namba hiyo si ya kujigambia. Ni ya kutuonya.

Huenda mwingine akasema, "Haya ni mambo ya Fizikia, yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba maelezo yanayokuja na vyombo hivi huandikwa kwa lugha za kigeni, ilhali mwenye manati ni ndugu yako mdogo anayetumwa kuwinga ndege shambani. Kule Mwea na Ahero, mpunga ukikaribia kuiva, kwelea kwelea hawana huruma. Mtoto anayewafukuza hatakisoma kitabu cha Kiingereza ndipo ajue jiwe lake lina nguvu gani. Tukishindwa kumweleza kwa Kiswahili, basi Fizikia yetu ni ya kupitia mtihani tu.

KWA NINI TUPIME?

Kitu kinachokwenda kina kawi. Ukitaka kuijua, chukua nusu ya uzito wake kwa kilo, uzidishe kwa kasi, kisha uzidishe kwa kasi tena. Jibu ni jouli. Angalia basi: kasi inaingia mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, kawi huongezeka mara nne. Ndiyo maana kubahatisha kasi ni hatari kuliko kubahatisha uzito.

Tuseme jiwe lina gramu 10, nalo linatoka kwa mita 40 kwa sekunde. Kawi yake ni jouli 8. Utasema, "Nane tu?" Ngoja kwanza. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikidondoka kutoka urefu wa sentimita 40 hufika chini ikiwa na kawi kama hiyo. Lakini pakiti ni pana na ni laini. Jiwe hubeba kawi yote hiyo katika ncha isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Sasa fikiria jicho la mtu.

Wenzetu wa ng'ambo wanaopiga shabaha kwa bunduki za upepo hawana mchezo na namba hizi. Nchini Ujerumani, bunduki ya upepo ambayo mtu mzima anaweza kuinunua bila kibali haipaswi kuzidi jouli 7.5. Huko Uingereza na Wales, bunduki ndefu ya upepo ikizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.3 hivi, huhesabiwa kuwa silaha inayohitaji cheti maalum. Uskoti nao, tangu mwisho wa mwaka 2016, hutaka mwenye bunduki ya upepo awe na leseni. Kwa hiyo mtu wa huko anayetengeneza bunduki yake na kubadilisha springi hukimbilia chombo cha kupima kasi, maana akipita mpaka ameingia makosani hata kama hakukusudia.

Linganisha sasa. Risasi ndogo ya nusu gramu huhitaji kwenda mita 173 kwa sekunde ili ifikie jouli 7.5. Jiwe letu la gramu 10 limepita hapo kwa mita 40 tu! Yaani kile tunachokiita mchezo wa watoto kinaweza kuwa na kawi kuliko bunduki ya upepo ambayo Wajerumani wameiwekea mpaka. Sisemi manati ni bunduki. Nasema tu kwamba neno "mchezo" limetuziba macho.

SAA YA MKONONI HAIWEZI

Wengine hudhani saa ya kubonyeza inatosha. La hasha! Jiwe la mita 40 kwa sekunde hupita sentimita 30 kwa muda wa sekunde 0.0075. Kabla kidole chako hakijasikia amri ya ubongo, jiwe limeshafika liendako. Hata ile mashine yetu ya maabara inayogonga nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi haifui dafu. Kati ya nukta na nukta ni sekunde 0.02, na kwa muda huo jiwe limekwenda sentimita 80.

Ndipo chombo kiitwacho kronografu kinapohitajika. Kazi yake si uchawi. Kina macho mawili yanayotazama mwanga, na umbali kati ya macho hayo unajulikana. Kivuli cha risasi au jiwe kikipita jicho la kwanza, saa ya ndani huanza kuhesabu. Kikipita la pili, husimama. Umbali ukigawanywa kwa muda, unapata kasi. Basi.

NJIA MBILI ZA MWENYE MFUKO MTUPU

Kabla hujatamani mashine, jua kwamba kasi ilianza kupimwa kabla ya umeme kuingia majumbani. Mwaka wa 1742, mwanahisabati Mwingereza aitwaye Benjamin Robins alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi ya kupima kasi ya risasi kwa pendulamu, yaani gogo linaloning'inia. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kisanduku kilichojazwa udongo wa mfinyanzi.

Ning'iniza kisanduku kwa kamba nne zenye urefu wa mita 1 ili kisijizungushe. Kipime kiwe gramu 990. Piga jiwe la gramu 10 lizame udongoni. Kisanduku kitasukumwa nyuma. Weka kijiti chepesi nyuma yake kisukumwe, kisha upime kilivyosogea. Tuseme ni sentimita 12.8, yaani mita 0.128. Zidisha kwa 3.13, ambayo ni namba ya kamba ya mita 1. Unapata 0.40. Hiyo ni kasi ya kisanduku. Kwa kuwa kisanduku pamoja na jiwe ni gramu 1000, na jiwe ni gramu 10, zidisha kwa 100. Jiwe lilikuwa na mita 40 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kanuni ya migongano tunayofundishwa Kidato cha Tatu, na hapo utaona kwamba haikuwekwa kwenye silabasi ili kututesa.

Njia ya pili ni ya sauti. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo hii ni kazi ya simu ya mwalimu. Tundika debe umbali wa mita 10. Rekodi mlio wa mpira unapoachiliwa na mlio wa debe linapopigwa. Kwenye programu ya kusikiliza sauti utaona vilele viwili. Pima muda kati yake.

Hapa pana mtego. Sauti ya debe nayo husafiri, kwa takriban mita 340 kwa sekunde, kurudi hadi simu iliko. Simu ikiwa karibu na mpigaji, muda utakaouona ni kama sekunde 0.28. Ukigawanya ovyo ovyo utapata mita 36 kwa sekunde. Lakini ukiondoa sekunde 0.03 za safari ya sauti, unabaki na 0.25, na jibu sahihi ni mita 40. Dawa rahisi zaidi ni kuiweka simu kando, mahali palipo na umbali sawa kutoka kwa mpigaji na kutoka kwa debe. Hapo sauti zote mbili huchelewa sawasawa, na hakuna cha kuondoa. Kumbuka tu kwamba njia hii hukupa wastani wa kasi ya safari nzima, nao ni mdogo kidogo kuliko kasi ya mwanzo, kwa sababu hewa hulipunguza mwendo jiwe.

UKIPATA PESA, UCHAGUE IPI?

Kama shule au chama kitapata uwezo wa kununua kronografu, ushauri wangu ni kwamba tusidanganywe na umbo. Zipo za aina kadhaa.

Kuna ile ya mrija, ndogo, inayofungwa kwenye mdomo wa bunduki ya upepo. Ni nafuu, ina mwanga wake wa ndani, wala haijali jua. Lakini kwa manati haifai kabisa. Manati haina mdomo wa kuifunga!

Kuna ile ya wazi, yenye macho mawili chini na vijiti vinavyoshika vifuniko vyeupe juu. Hii hufaa bunduki na manati pia, mradi nafasi ya kupitisha iwe pana. Jiwe la manati hutawanyika kuliko risasi, na mwenye mkono wa kutetemeka atavunja vijiti kabla hajapata namba hata moja. Hata hivyo inategemea mwanga wa nje, na hapo ndipo usumbufu wake ulipo.

Kuna ya fremu, iliyozungukwa pande zote na yenye taa zake yenyewe. Hii hutumika hata ndani ya nyumba. Kwa manati, fremu kubwa ndiyo afadhali.

Mwisho kuna ya rada. Huwekwa kando, hakuna cha kuvunja, nayo hufuata kitu kikiwa angani. Ni ghali mno kwa shule kama yetu. Tena baadhi yake huamshwa na mlio wa bunduki, na manati haina mlio wa kuiamsha. Anayetaka rada kwa ajili ya manati aulize kwanza huamshwa na nini.

Mimi ningechagua ya fremu kama pesa zipo, na ya wazi kama hazitoshi. Lakini ningeanza na kisanduku cha udongo hata kama pesa zimejaa gunia. Sababu ni moja: kisanduku unakielewa. Mashine ikisema mita 40 na kisanduku kikisema mita 39 au 41, basi unaamini vyote viwili. Mashine ikisema 80, unajua pa kuanzia ugomvi.

MASHINE IKIANZA VISA

Mwalimu wetu wa Fizikia aliwahi kuazima kronografu ya wazi, nasi tukaona visa vyake. Haya ndiyo ninayoweza kumshauri mwenzangu.

Ikikataa kusoma kabisa, tazama betri kwanza. Betri iliyochoka huleta ukimya au namba za kichaa. Kisha tazama mwanga. Jua likipenya moja kwa moja kwenye macho yake, kivuli hakionekani. Weka vile vifuniko vyeupe juu, au ungojee wingu. Anga lenye mawingu mepesi ndilo rafiki wa chombo hiki.

Ikisoma hata kabla hujapiga, shuku taa. Taa ndefu za mrija za darasani hupepesa. Umeme wetu ni wa hetsi 50, nazo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho la binadamu halioni, lakini la mashine huona na kudhani kitu kimepita. Zima taa hizo, utoke nje.

Ikisoma baadhi ya mapigo na kuyaacha mengine, pengine jiwe linapita juu mno. Macho huona vizuri kile kinachopita karibu nayo, kwa kimo kile kile kila mara. Risasi ndogo ndiyo yenye shida zaidi, kwani kivuli chake ni chembamba.

Ikitoa namba zinazopanda na kushuka bila mpango, pima umbali wako. Ukisimama karibu mno, mipira ya manati na ile ngozi ya kushikia jiwe huruka mbele na kutia kivuli kabla ya jiwe. Kwa bunduki, upepo utokao mdomoni huleta vurugu iyo hiyo. Rudi nyuma, mita 1 au zaidi kidogo.

Namba ikiwa kubwa kupita kiasi, chunguza kama mashine imefunguliwa yote. Macho yakikaribiana kuliko yanavyotakiwa, muda hupungua na kasi ya uongo hupanda. Katika sentimita 30, kosa la milimita 3 ni asilimia 1 nzima. Na ikiwa ndogo kidogo, angalia kama jiwe linapita mshazari. Mshazari wa nyuzi 10 hupunguza namba kwa asilimia 1.5 hivi.

Kisha kuna kosa ambalo si la mashine bali la msomaji wake. Jamaa mmoja darasani aliona 131 kwenye kioo, akaruka juu akishangilia, ati manati yake ni mita 131 kwa sekunde! Kumbe mashine ilikuwa imewekwa kusoma futi. Gawanya 131 kwa 3.28, bwana, unapata mita 40. Alinyamaza, nasi tukapumzika.

Pendulamu nayo ina kisa chake. Jiwe likigonga na kuruka nyuma badala ya kuzama, kisanduku husukumwa zaidi na jibu huwa kubwa kuliko kweli. Ongeza udongo laini.

Hatimaye, usiamini pigo moja. Piga mara tano. Sisi tulipata 38, 41, 40, 39 na 42. Wastani ni 40, na tofauti kati ya kubwa na ndogo ni 4. Anayekupa namba moja tu bila kukuambia zilivyotawanyika amekuficha nusu ya habari.

WANAOPINGA

Najua yapo maneno. Wapo watakaosema kupima ni kuwafunza vijana kutengeneza manati kali zaidi. Hoja hii ina uzito, sitaidharau. Lakini kijana hutaka manati kali hata asipopima. Mashindano ya domo ndiyo humsukuma kuongeza mpira juu ya mpira. Tuliposoma pale darasani kwamba jiwe letu lina jouli 8, na kwamba Wajerumani huweka mpaka kwenye 7.5, sikusikia mtu akisema aongeze mpira. Nilisikia mmoja akiuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo lingempata mtu?" Swali hilo halijawahi kuulizwa katika ubishi wowote wa njiani.

Wapo pia wanaosema dawa ni kunyang'anya tu. Manati ikipatikana begini hutiwa motoni, mambo yamekwisha. Hayajaisha! Sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni, na mti wenye panda haukosekani. Mwenye manati iliyochomwa atachonga nyingine Jumamosi, akiwa na hasira juu yake. Hajafunzwa chochote ila kuificha vizuri.

Pendekezo langu kwa walimu wetu ni hili. Manati moja kati ya zinazonyang'anywa isichomwe. Iletwe maabara, ipimwe mbele ya darasa, mwalimu akiwa ndiye msimamizi. Kila mmoja avae miwani ya maabara. Asiwepo mtu mbele ya mpigaji. Nyuma ya shabaha pawekwe gunia la mchanga ili jiwe lisirudi. Kila mwanafunzi akokotoe jouli kwa mkono wake na kuandika chini yake: je, ningekubali hili lielekezwe kwa ndugu yangu? Kisha manati ifungiwe kabatini.

Mtoto wa shamba la mpunga naye aambiwe ukweli. Kwelea kwelea hufukuzwa kwa mlio kuliko kwa jiwe. Kopo lenye kokoto likitikiswa, au debe likigongwa, kazi hufanyika bila jiwe la jouli 8 kuruka hadi shamba la jirani ambako mtoto mwenzake yumo mpunga umemfunika.

Kwa hiyo ndugu zangu, mwenye kudai kasi na alete kipimo. Alete umbali, muda, na mapigo matano. Asiye navyo anyamaze kidogo, ajifunze. Na mwenye navyo ajue kwamba kuijua nguvu iliyo mkononi mwake ni kupewa mzigo. Majuto ni mjukuu, na jicho likishatoboka halina spea dukani.